Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: msitupe warfarini bila kipimo chake

Kwako Mganga Mfawidhi,
Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

YAH: KUKATIKA KWA KIPIMO CHA INR KWA WAGONJWA WANAOTUMIA WARFARINI

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakusalimu kwa heshima, mimi na wenzangu tunaohudhuria kliniki ya moyo. Barua hii si ya kwanza kukufikia. Tuliwahi kutumbukiza malalamiko kwenye sanduku la maoni pale mapokezi. Tukaandika tena, barua ikapokelewa masjala na kugongwa muhuri. Kisha tukamweleza mjumbe wa bodi ya hospitali, akaandika kwenye daftari lake na kuahidi kwamba tutajibiwa. Hatujajibiwa, ndiyo maana leo nasema hadharani. Sitataja hospitali wala mtumishi yeyote kwa jina. Hospitali yako unaijua, na wauguzi wa kliniki ile wanatuhudumia kwa moyo kuliko mazingira wanayofanyia kazi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kumeza warfarini, kidonge cha kuzuia damu isigande ovyo, nieleze kidogo. Wengi wetu tuna vali za chuma moyoni. Tuliugua homa ya baridi yabisi tukiwa watoto, vali zetu zikaharibika polepole, na tulipofika ukubwani tukawa hatuwezi kupanda hata ngazi za shule. Baadhi yetu walipelekwa India kwa gharama ya serikali. Wengine walipasuliwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015. Wapo pia wenzetu wasio na vali ya chuma: aliyepata donge la damu mguuni baada ya kujifungua, na mzee ambaye moyo wake unadunda bila mpangilio, akaambiwa asipotumia dawa atapata kiharusi.

Sote tunatumia warfarini. Majirani hututania kwamba tunakula sumu ya panya, na hawajakosea sana: dawa hii iliingia sokoni mwaka 1948 kuua panya, ikaidhinishwa kwa binadamu mwaka 1954. Inalizuia ini kutumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu. Ikizidi kidogo, damu inavuja tumboni au kichwani. Ikipungua kidogo, damu inagandia kwenye vali, na vali inakwama au donge linasafiri hadi kwenye ubongo. Dozi ya mtu mmoja si dozi ya mwingine. Mimi naweza kukata kidonge cha miligramu 5 kwa wembe, leo nusu, kesho kizima, wakati jirani yangu kwenye benchi anameza viwili.

Kinachotuongoza ni kipimo kimoja cha maabara kiitwacho INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani. Mtu asiyetumia dawa huwa na takriban 1. Mwenye donge la mguu au mapigo yasiyo na mpangilio anatakiwa awe kati ya 2 na 3. Mwenye vali ya chuma mahali pa mitrali (vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo), kama mimi, kati ya 2.5 na 3.5. Na hapa ndipo penye ugumu wote: mwili hausemi. Mwenye 1.4 na mwenye 6 wanaweza kuamka asubuhi moja, wote wazima, wote wanakunywa chai. Kwa hiyo, Daktari, kwetu sisi kipimo si nyongeza ya matibabu. Warfarini na INR ni tiba moja, na hospitali inayotoa kimoja bila kingine haijatibu. Malalamiko yetu ni haya.

1. Kipimo kinakatika, dawa haikatiki

Mgonjwa anafika alfajiri, anapanga foleni, anaandikiwa fomu. Dirisha la maabara fomu inarudishwa imeandikwa "O/S" kwa kalamu nyekundu: vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vimekwisha. Anarudi kwa daktari, daktari anatazama kadi, anaandika "endelea", na dirisha la famasia linamkabidhi warfarini ya mwezi mzima kwa dozi ileile ya zamani. Mwezi unaofuata inakuwa hivyohivyo.

Aendelee na nini? Dozi ile ilipangwa kabla hajaugua malaria, kabla ya mfungo wa Ramadhani kubadilisha chakula na saa za kula, kabla hajapungua kilo. Mgonjwa aliyetulia kwa muda mrefu anaweza kukaa wiki nne bila kupimwa, hilo linakubalika. Lakini anayeanza dawa anatakiwa apimwe kila baada ya siku mbili tatu hadi atulie, kwa sababu protini za zamani bado zimo kwenye damu na nguvu kamili ya kidonge huonekana baada ya siku 5 hadi 7. Tumekaa benchi moja na kijana aliyeruhusiwa kutoka wodini na vidonge mfukoni, donge mguuni, bila INR hata moja kwenye kadi yake, na tarehe ya kurudi ni mwezi ujao. Hilo, kwa maoni yangu, halipaswi kuitwa upungufu wa vifaa. Ni uamuzi uliofanywa na mtu.

2. Kichupa chenye kifuniko cha bluu

Kipimo kinapokuwapo, linaanza tatizo la sampuli. Damu ya INR huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha bluu, ambacho ndani yake kina sitrati ya sodiamu. Sehemu tisa za damu kwa sehemu moja ya sitrati, ndiyo maana kichupa kina mstari. Mara nyingi tunaona vichupa vikiondoka chumba cha kutolea damu vikiwa nusu.

Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari, na hili linanikosesha usingizi kuliko mengine. Sitrati huzuia damu isigande kwa kushika kalsiamu. Maabara hurudisha kalsiamu ili damu igande na muda uhesabiwe. Damu ikiwa pungufu, sitrati inabaki nyingi kupita kiasi, inashika na ile kalsiamu iliyorudishwa, na damu inachelewa kuganda kwenye mashine huku mwilini haijachelewa. Jibu linasoma juu. Daktari, kwa nia njema kabisa, anapunguza dozi. Wiki mbili baadaye mtu yuleyule ana donge kwenye vali, na hakuna atakayekumbuka kichupa.

Tumeona pia sampuli za wodini zikisubiri hadi kesho yake, nyingine kwenye friji. Damu ya kipimo hiki ikae kwenye joto la kawaida la chumba na ipimwe ndani ya saa 24. Baridi ya friji huziamsha protini za kugandisha kabla ya wakati. Fundisho hili lingeweza kutolewa asubuhi moja, kabla ya chai ya saa nne.

3. Majibu ya sekunde

Kuna kipindi majibu yetu yaliandikwa "PT sekunde 30" basi, yaani muda ambao damu ilichukua kuganda kwenye mashine, bila INR. Tulipouliza, tukaambiwa daktari atajua. Daktari hawezi kujua, na nitaonyesha kwa nini.

INR inapatikana hivi: sekunde za mgonjwa zinagawanywa kwa wastani wa sekunde za watu wasio na tatizo, kisha jibu linapandishwa kwa kipeo kiitwacho ISI, ambacho hutegemea kitendanishi kilichotumika. Tuseme mgonjwa ni sekunde 30 na wastani ni 12. Tukigawanya tunapata 2.5. Kama ISI ya kitendanishi ni 1.0, INR ni 2.5. Kama ISI ni 1.4, INR ni 3.6. Damu ni ileile, sekunde ni zilezile 30, lakini jibu la kwanza linamwambia mwenye vali ya mitrali kwamba yuko ukingoni chini, na la pili kwamba amevuka juu. Mmoja angeongezewa dawa, mwingine angepunguziwa.

Shirika la Afya Duniani liliweka mfumo huu mwaka 1983 ili jibu la Mwanza na la London liwe na maana moja. Sasa tunauliza: kila shehena mpya ya vitendanishi inapofunguliwa, je, ISI mpya huingizwa kwenye mashine? Wastani wa sekunde hupimwa upya? Hatuulizi kwa dharau. Mwenzetu mmoja alipimwa kwenu, akapima tena mjini maabara binafsi siku hiyohiyo, na majibu mawili yalipishana kiasi kwamba yalidai dozi mbili tofauti. Mteknolojia aliyeulizwa alijibu kwamba kila maabara ina majibu yake. Kama ni hivyo, INR ilibuniwa kwa ajili gani?

4. Majibu yasiyo na mwenyewe

Sampuli inachukuliwa saa mbili asubuhi, majibu yanatoka saa tisa, kliniki imefungwa tangu saa saba. Karatasi inabaki kwenye kikapu hadi siku ya kliniki inayofuata. INR ya 7 inaweza kulala kwenye kikapu hicho kama ya 2.7. Kila maabara inayofuata kanuni za ubora ina orodha ya majibu ya hatari ambayo lazima yapigiwe simu mara moja. Namba zetu mnazo, zimeandikwa juu ya jalada. Hatujawahi kusikia mgonjwa wa warfarini aliyepigiwa.

Na akifika huyo mwenye 7 usiku, damu ikimtoka puani na kwenye fizi, vitamini K ya kuirudishia damu uwezo wa kuganda ipo idara ya dharura? Au ipo tu ile ya watoto wachanga, huko wodi ya wazazi, na aliyeshika funguo amelala?

5. Dawa nyingine zinazoandikwa bila kututazama kadi

Hili ni fupi kwa sababu mnalijua. Septrini na Flagyl za kuua vijidudu, na flukonazo ya fangasi, hupandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana, na ikisimamishwa INR inapanda. Sindano ya maumivu ya diklofenaki, inayotuongezea hatari ya kuvuja damu, tunachomwa chumba cha jirani na kliniki yetu wenyewe. Kuhusu chakula tunaambiwa tusile kabisa mchicha, kisamvu wala matembele, kana kwamba tunaweza kuishi kwa nyama. Ushauri sahihi ni kula mboga kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, na kupima.

6. Kina mama wenye vali

Ugonjwa huu wa vali unawapata wengi wakiwa vijana, na wengi wa kliniki yetu ni wanawake wa umri wa kuzaa. Warfarini hupita kondo la nyuma na inaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba. Kuiacha ghafla bila mbadala kunamweka mama hatarini vali yake izibwe na donge. Heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu isigande, haipiti kondo, lakini nayo inahitaji maabara na daktari anayeijua. Anayegundua amekosa siku zake haelezwi aende wapi. Kliniki ya moyo inamtuma kwa wajawazito, wajawazito wanamrudisha kwa moyo. Wapo walioamua wenyewe nyumbani, kwa kusikilizana na shangazi. Naomba usome tena sentensi hiyo, Daktari.

Sasa, majibu tuliyokwisha kupewa kwa mdomo, ambayo nadhani yatarudi.

Tumeambiwa wagonjwa wa INR ni wachache na vitendanishi vinaharibika kabla ya kutumika. Hapa naomba tuwe makini, maana nadhani ndipo penye mzizi. Kipimo kilichoandikwa "O/S" hakiingii kwenye takwimu za maabara. Makisio ya oda inayofuata yanaandaliwa kwa takwimu hizohizo. Kwa hiyo mwezi ambao kipimo hakikuwapo unaonekana kwenye karatasi kama mwezi ambao hakikuhitajika, mnaagiza kidogo zaidi, na kinakatika mapema zaidi. Hesabu sahihi haiko maabara, iko famasia. Angalieni ni watu wangapi walichukua warfarini mwezi uliopita. Kila mmoja wao alihitaji angalau INR moja. Madirisha hayo mawili yako kwenye korido moja.

Tumeambiwa tuhamie dawa mpya zisizohitaji kipimo, kama rivaroksabani na dabigatrani. Kwa mwenye donge la mguu ni ushauri mzuri, akimudu bei. Kwa mwenye vali ya chuma ni hatari: utafiti wa dabigatrani kwa watu wenye vali za chuma ulisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2013, kwa sababu madonge ya damu na kuvuja damu vyote vilizidi kwa waliopewa dawa hiyo. Hata kwa wenye ugonjwa wa vali wa baridi yabisi na mapigo yasiyo na mpangilio, utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kwamba waliotumia warfarini na jamii yake walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani. Wagonjwa wale ni watu kama sisi, katika nchi kama yetu, na walikuwa wanapimwa INR.

Tumeambiwa twende Dar es Salaam. Anayesema hivyo ajaribu kupanda basi usiku kucha na moyo uliopasuliwa, kila mwezi, kwa ajili ya mililita chache za damu.

Tumeambiwa pia kwamba wagonjwa wenyewe si waaminifu kwa dozi. Wapo, sikatai. Lakini huwezi kumjua asiye mwaminifu kama humpimi.

Na bajeti. Serikali ilikwisha kulipia upasuaji, vali, safari na siku za chumba cha uangalizi maalumu. Fedha zote hizo zinalindwa na kitendanishi ambacho bei yake haifikii hata sehemu ndogo ya gharama ya kumlaza mgonjwa mmoja wa kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya vipimo muhimu mwaka 2018, hiki kilikuwamo. Hatuombi cha anasa.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Oda ya vitendanishi vya INR ikadiriwe kwa idadi ya wagonjwa wa warfarini walioko famasia, na akiba ya dharura iwepo wakati wote.

(b) Kiwepo kifaa cha kuchoma kidole na vibanzi vyake kwa siku ambazo mashine kubwa imeharibika, kikilinganishwa mara kwa mara na majibu ya maabara. Tone moja la damu, jibu kabla mgonjwa hajainuka kwenye kiti.

(c) Kusiwe na mgonjwa mpya wa warfarini anayeruhusiwa kwenda nyumbani bila INR na bila tarehe ya kipimo kinachofuata ndani ya siku chache. Kama kipimo hakipo siku ya kliniki, apewe dawa ya siku chache na aelekezwe kwa maandishi mahali pa kupima. Asipewe ya mwezi na neno "endelea".

(d) Kila jibu liandikwe INR, si sekunde peke yake. Kichupa kisichofika mstari kikataliwe palepale, hata kama mgonjwa atanung'unika kwa kuchomwa mara ya pili. Sisi tutawatetea.

(e) Ateuliwe mtu mmoja, muuguzi au mfamasia, wa kusoma majibu yote ya INR siku hiyohiyo na kupiga simu kwa yaliyozidi kiwango cha hatari. Vitamini K iwe idara ya dharura.

(f) Kina mama wenye vali wawe na siku moja ambapo daktari wa moyo na wa uzazi wanakaa meza moja.

La (e) halihitaji hata shilingi. Likianza wiki ijayo, tutajua barua hii imesomwa.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kliniki ili hata wasiotumia simu za mtandao waisome. Wapo wenzetu walio tayari kukaa na timu yako na kutoa kadi zao kama ushahidi: tarehe, dozi, na zile "O/S" nyekundu. Siku hizo zikipita kimya, tutawasilisha nakala hii na kadi hizo kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Afya.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa kemia, mgonjwa wa vali,
kwa niaba ya wagonjwa wa kliniki ya moyo.

Nakala:
Mganga Mkuu wa Mkoa
Mwenyekiti, Bodi ya Hospitali
Mkuu wa Maabara
Mfamasia wa Hospitali